Namna ya Kufumbua Vidokezo Vigumu vya Fumbo la Maneno kwa Kusaidiana

Mafumbo ya maneno yenye vidokezo vya hila, ambayo magazeti ya Uingereza yameyakuza tangu miaka ya 1920, yana kanuni moja kuu: kidokezo hubeba maana ya jibu, ama mwanzoni ama mwishoni, na sehemu iliyobaki kwa kawaida ni mchezo wa herufi unaolijenga jibu lile lile. Namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi. Ugumu hutokana na ulaini wa sentensi yenyewe, kwani ukishaisoma kwa namna moja ni shida kuisoma kwa nyingine, na hapo ndipo jicho la mwenzako linapokufaa kuliko kamusi.

Tuchukue mfano nilioutunga: "Mpaka, la! Umevurugwa ukawa mji mkuu (7)." Mkazi wa Uganda akiona neno "mpaka", mawazo yake huenda Busia au Malaba, miji ya mpakani na Kenya, yakakwama huko, ilhali "umevurugwa" linaagiza tu kuchanganya herufi za "mpaka" na "la", ambazo zikipangwa upya hutoa KAMPALA. Kwa hiyo, unapoomba msaada, mwonyeshe mwenzako kidokezo kama kilivyoandikwa, wala usimweleze umekielewaje, maana utamwambukiza kosa lako.

Mpe pia herufi ulizokwisha kuzipata, ukitenganisha zenye uhakika na za kubahatisha. Jambo hili hupuuzwa mno, nami naliona kuwa ndilo linalopoteza muda wa watu wengi. Maneno ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Basi kisanduku cha mwisho kikiwa na konsonanti na jibu si jina la mtu au mahali, lichunguzeni kwanza neno linalokatiza hapo.

Mchague vizuri wa kumwuliza. "Mnyama mkubwa alewesha Pwani (5)" hakina mchezo wa herufi, bali maana mbili zilizowekwa bega kwa bega. Mtu wa Mbarara anaweza kukihangaikia jioni nzima, lakini dereva wa lori aliyetoka Mombasa atasema TEMBO papo hapo, kwa kuwa kwao tembo ni pombe ya mnazi vilevile.

Omba msaada kwa hatua: kwanza maana iko upande upi, kisha ni mchezo wa aina gani, na jibu lije mwisho kabisa. Likishatajwa, mtajaji alithibitishe herufi kwa herufi. Katika "Kima, tokeni! Humo ndani mna chakula cha Waganda (6)," mmoja atasema MUWOGO (yaani muhogo kwa Kiganda) na mwingine MATOKE, na yote mawili yanaenea visandukuni, ila ni la pili tu linaloonekana likiwa zima ndani ya ki-MA TOKE-ni. Jibu lisilo na ushahidi wa namna hiyo liandikwe kwa penseli.