Namna ya kutoka kwenye madeni mazito yaliyotokana na kubeti

Mtu aliyezama katika madeni kwa sababu ya kubeti aghalabu hudaiwa na watu wengi kwa wakati mmoja: Songesha (mkopo wa papo kwa papo wa M-Pesa) iliyochukuliwa usiku mechi ikiendelea, mkopo wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ulioombwa kwa maelezo ya kumalizia nyumba, fedha za ndugu, zamu ya mchezo wa kuchangishana fedha (upatu) iliyopokelewa na kuisha kabla ya kufika nyumbani, na mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kali mno, uliochukuliwa ili kuziba mengine yote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo akiwa Tanzania. Utaratibu wake ni kuzuia kwanza fedha zisiendelee kutoka, kisha kuyaweka wazi madeni yote, na hapo ndipo kuamua lipi lilipwe mwanzo. Anayeanza na kulipa kabla ya kuzuia hurudi palepale, tena akiwa na deni jipya.

Kizuizi kikubwa kuliko uhaba wa kipato ni wazo la kurudisha hela, yaani matumaini kwamba mkeka mmoja (dau moja lililounganisha mechi kadhaa) ukitiki, yaani ukishinda, utafuta kila kitu. Hesabu yenyewe inalikataa wazo hilo. Tuchukulie kwamba kampuni imejiwekea faida ya asilimia 5 katika kila mechi: mkeka wa mechi 10 utarudisha kwa wastani shilingi 60 hivi kwa kila 100 iliyowekwa, kwa sababu faida hiyo huzidishwa mechi kwa mechi. Anayeongeza mechi ili apate malipo makubwa ndiye anayeipa kampuni sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo katika mpango wa kulipa madeni, ushindi usihesabiwe kabisa kama chanzo cha fedha.

Kuzuia kunahitaji vitendo, kwa kuwa nia peke yake hushindwa siku ya mshahara. Iandikie kila kampuni unayobeti nayo kuomba akaunti yako ifungwe na usiruhusiwe kufungua nyingine, utunze majibu yao, kisha ufute programu zao na kuzuia ujumbe wao wa matangazo. Jiondoe katika huduma za mikopo ya papo kwa papo ya simu mara tu unapolipa salio. Ikiwa mshahara unapita benki, omba huduma ya benki ya simu iondolewe kwenye akaunti hiyo, ili fedha zipatikane kwa kufika dirishani. Kodi ya nyumba na ada za shule zilipwe siku ileile mshahara unapoingia. Usumbufu wa kwenda benki ni faida hapa, maana hamu ya kubeti mara nyingi hupungua kabla foleni haijaisha.

Baada ya hapo andika kila deni katika daftari moja: unadaiwa na nani, ulipokea kiasi gani, umekwisha kulipa kiasi gani, riba inahesabiwaje, dhamana ni nini, na mdhamini ni nani. Usiache deni hata moja kwa aibu. Kisha mwonyeshe mtu mmoja daftari hilo lote. Kwa aliye katika ndoa, mtu huyo kwa kawaida anapaswa kuwa mwenzi wake, ingawa palipo na hatari ya kipigo ni heri kuanza na ndugu au kiongozi wa dini anayeaminika. Kusema mapema kuna faida nyingine. Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni hutegemea vitisho vya kuwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa, na vitisho hivyo hupoteza nguvu pale ambapo mke, mume au kaka mkubwa anajua tayari.

Katika kupanga malipo, watu wengi hugawa kidogo kidogo kwa kila anayedai ili pasiwe na wa kulalamika. Uamuzi huo ni wa gharama kubwa. Tuseme unadaiwa shilingi 500,000 za kausha damu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya salio. Ukilipa 160,000 kila mwezi, utahitaji miezi 11 na utakuwa umetoa karibu shilingi 1,700,000. Ukilipa 280,000, deni litaisha mwezi wa tatu kwa jumla ya 821,300. Kwa hiyo deni lenye riba kali ndilo lipewe fedha nyingi, na wengine, hasa ndugu na marafiki wasiotoza riba, waombwe kwa uwazi wasubiri hadi mwezi utakaoutaja. Uliza pia kama mkopeshaji anahesabu riba juu ya salio au juu ya kiasi cha mwanzo, kwa kuwa wapo wanaotoza riba ya mkopo wote mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Kwa hao, kupunguza kidogo kidogo hakupunguzi riba, na ni afadhali kuafikiana kiasi kimoja cha kumaliza.

Kabla ya mazungumzo hayo, fahamu sheria inasemaje. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kibiashara awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambalo ni la taasisi zisizopokea amana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Usambazaji wa taarifa za mdaiwa kwa watu wengine unaweza kulalamikiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotokana na sheria ya mwaka 2022. Hayo hayafuti fedha ulizopokea, lakini yanakupa msimamo: unaweza kumwambia mkopeshaji asiye na leseni kwamba uko tayari kurejesha ulichochukua kwa awamu unazozimudu. Kama anashikilia kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, nenda benki uombe kadi mpya, halafu uendelee kumlipa mwenyewe na kudai stakabadhi kila mara.

Deni la kawaida ni shauri la madai. Fedha za ofisi au za kikundi ulizokabidhiwa na ukazibetia ni jambo lingine, kwani zinaweza kuzaa kesi ya jinai. Hapo mwone wakili, au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kabla ya kusaini maandishi yoyote ya kukiri.

Kuuza mali kuje baadaye kuliko watu wanavyodhani. Kiwanja kinachouzwa kwa hofu huuzwa kwa bei ya kutupa, na pikipiki inayoleta kipato ikiondoka, uwezo wa kulipa huondoka nayo. Ikibidi kuuza, au ndugu wakichanga, fedha ziende moja kwa moja kwa anayedai bila kupitia mikononi mwako. Kitita mfukoni ni hatari kubwa kwa mtu aliyeacha kubeti wiki mbili zilizopita. Mkopo mpya wa kulipa mikopo mingine una maana pale tu ambapo riba yake ni ya chini kwa kiasi kikubwa, kubeti kumekoma, na mkopeshaji anawalipa wadai wako mwenyewe.

Uraibu wa kamari ni ugonjwa unaotambuliwa katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo hospitali ya rufaa ya mkoa yenye huduma ya afya ya akili, Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma ni mahali sahihi pa kupeleka tatizo hili. Yeyote ambaye madeni yamemfikisha kwenye mawazo ya kujiua aende hospitali leo akiwa na mtu, na asiachwe peke yake; wadai watasubiri. Ukiteleza na kubeti tena, mjulishe siku hiyohiyo yule anayelijua daftari, tafuta fedha zilipitia mlango gani, na uufunge.

Kila deni linapoisha, dai barua ya kumaliza mkopo, rudishiwa hati na dhamana zako, na hakikisha mkopeshaji mwenye leseni amerekebisha taarifa zako katika mfumo wa taarifa za wakopaji. Kiasi kilichokuwa kikienda kwa deni hilo kihamie mwezi unaofuata kwa deni linalofuata kwenye daftari.