Umepiga Windows upya halafu waifai haionekani? Fuata njia hii

Hii kitu inawakuta watu wengi sana. Laptopu ilikuwa nzito, ukaamua kuipiga Windows upya, imewaka safi kabisa, ila ukienda pale chini kulia kutafuta waifai hakuna kitu, kuna kialama cha dunia tu. Mara nyingi kadi ya waifai ni nzima. Kilichopotea ni draiva, ile programu ndogo inayoifanya Windows iongee na kadi, maana ulipofomati uliifuta pamoja na vingine vyote. Kwa hiyo usikimbilie kununua kadi mpya na tafadhali usipige Windows mara ya pili na ya tatu, nimeona watu wanamaliza siku nzima hivyo na tatizo liko pale pale.

Hatua ya 1: ijue kadi yako kwanza

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka, na ndipo kazi yote ilipo. Bonyeza kitufe cha Windows na X kwa pamoja, chagua Device Manager, fungua Network adapters. Ukiona jina lenye neno Wireless au Wi-Fi na halina alama ya njano, draiva ipo, nenda hatua ya 4. Usipoliona angalia Other devices, utakuta Network Controller ina alama ya njano. Ifungue usome namba ya kosa. Code 28 maana yake draiva haijawekwa, Code 22 kadi imezimwa tu, bonyeza kulia uchague Enable device imeisha hiyo. Code 10 kadi imegoma kuanza, mara nyingi draiva uliyoweka siyo yake.

Sasa ukiwa hapo hapo ingia Details, kwenye Property chagua Hardware Ids, utaona mstari unaoanza hivi:

PCI\VEN_10EC&DEV_C821

Hizo herufi nne baada ya VEN ndiyo kampuni ya kadi. 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, 14C3 ni MediaTek. Zinazofuata DEV ndiyo kadi yenyewe, hiyo C821 kwa mfano ni RTL8821CE. Piga picha na simu, utaihitaji.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kuwa na laptopu mbili za modeli moja, kibandiko cha chini kinafanana herufi kwa herufi, nikachukua draiva ya Intel iliyokubali kwenye moja nikaiweka kwenye nyingine, ikagoma, nikaitoa nikarudisha, ikagoma, mpaka usiku wa manane ndiyo nikasoma hiyo namba nikakuta 10EC. Modeli ni moja ila ndani zimefungwa kadi tofauti. Tangu siku hiyo sigusi draiva kabla sijasoma ID.

Hatua ya 2: pata intaneti kwa kebo ya simu

Utashushaje draiva ya intaneti wakati intaneti huna? Tumia simu. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa USB tethering. Laptopu itaiona simu kama kebo ya mtandao na itaanza kuperuzi. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba simu nyingi zikiwa zimeunganishwa na waifai zinairusha waifai hiyo hiyo kupitia kebo, kwa hiyo bando lako halitaguswa. Laptopu ikikaa kimya badilisha kebo, zipo zinazochaji tu bila kupitisha data.

Hatua ya 3: weka draiva sahihi

Anza na Windows Update, ingia Advanced options, halafu Optional updates, fungua Driver updates. Mara nyingi inaishia hapo. Isipopatikana nenda kwenye tovuti ya kampuni ya laptopu, andika modeli kamili, kisha chagua draiva ya waifai inayolingana na ile ID uliyopiga picha. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja achana nazo kabisa, nyingi zinakuletea takataka nyingine na wakati mwingine draiva ya kadi isiyo yako.

Ukimaliza zima uwashe.

Hatua ya 4: draiva ipo lakini mitandao haionekani

Kwanza angalia kitufe cha ndege kwenye kibodi. Kisha bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta WLAN AutoConfig, ile huduma ya Windows inayosimamia waifai, hakikisha iko Automatic na inafanya kazi. Bado? Zima laptopu huku umeshikilia Shift ili izimike kikweli kweli, maana Windows za sasa zikizimwa kawaida hazizimi kila kitu. Chomoa chaja, na betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha washa. Kadi iliyokwama huwa inaamka hapo.

Kama inaona mitandao mingine ila ule wa 5GHz hauoni, fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri, litafute kwenye Start) uandike netsh wlan show drivers, soma mstari wa Radio types supported. Pasipokuwa na 802.11a wala 802.11ac kadi hiyo haina 5GHz, washa 2.4GHz kwenye ruta.

Hatua ya 5: imeunganishwa ila haifungui kitu

Tazama saa na tarehe. Baada ya kupiga Windows tarehe ikiwa imekosea, tovuti nyingi zinakataa kufunguka na wewe unalaumu waifai. Tarehe ikiwa sawa fungua cmd kama administrator, andika netsh winsock reset, kisha netsh int ip reset, zima uwashe.

Ikishakubali, fanya hivi leo leo

Tengeneza folda kwenye flashi, tuseme D:\draiva, kisha kwenye cmd ya administrator andika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Draiva zote ulizoongeza zitanakiliwa humo. Siku ukipiga Windows tena chomeka flashi, andika pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install, waifai itarudi bila hata kuitafuta simu.