SOMO: Mwaka umekupiga? Kabla hujausahau, kaa nao mezani (kwa wenye biashara na walioajiriwa)

Wakuu habari za muda huu. Somo hili la kuukagua mwaka uliokwenda vibaya nililiahidi kitambo, nikalichelewesha kwa sababu nilitaka nianze kulifanya kwenye ofisi yangu mwenyewe, tunadizaini na kuchapa, tupo watu sita. Mwaka mmoja mbaya nilioupitia ulinifundisha kitu kimoja na ndicho nataka mkishike: biashara nyingi haziuawi na hasara, zinauawa na ile siku mishahara inatakiwa na kwenye akaunti hamna kitu, wakati kwenye makaratasi unaonekana una faida nzuri tu. Faida ni hesabu, hela ni kitu kingine.

HATUA YA 1: Toa stetimenti ya benki ya miezi 12, ichapishe, usitegemee kichwa. Kichwa kinakumbuka siku mbaya mbili tatu basi. Chukua kalamu nyekundu, kila mwezi zungushia siku ambayo salio lilishuka chini kuliko zote. Sio salio la mwisho wa mwezi, maana hilo linadanganya. Mimi nilipomaliza kuzungushia nikaona duara tisa kati ya kumi na mbili zimeangukia tarehe zilezile, kati ya 22 na 27, yani nilikuwa nalipa wauza karatasi wiki moja kabla wateja hawajanilipa mimi, mwaka mzima, na nilikuwa nasema tu "biashara ngumu". Nikaenda kwa muuza karatasi nikaomba tarehe yake isogee mpaka 5, akakubali siku hiyohiyo.

HATUA YA 2: Tenganisha ulichouza na ulichokusanya. Panga invoisi zote ambazo hazijalipwa kwenye mafungu manne: mpaka siku 30, siku 31 mpaka 60, 61 mpaka 90, na zilizovuka 90. Fungu la mwisho usilihesabu kama hela yako, lihesabu kama kazi ya kufuatilia. Halafu kuanzia hapo kazi mpya kubwa chukua advansi kwanza, hata nusu. Mteja wa kweli hakimbii kwa sababu ya advansi.

HATUA YA 3, hapa naomba tukae kidogo. Tafuta nguzo moja uliyoegemea. Inaweza kuwa mteja mmoja, sapulaya mmoja, au mfanyakazi mmoja ambaye akiumwa hakuna anayejua paswedi. Mimi nilipiga hesabu nikakuta katika kila hela kumi nilizoingiza, saba zimetoka kwa mteja mmoja. Huyo mteja alipopata matatizo yake akanyamaza miezi minne, na mimi nikanyamaza naye maana niliogopa kumpoteza.

Hata makampuni makubwa yamepitia haya. Machi 2000 radi ilisababisha moto kwenye kiwanda cha chipu (vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha simu na magari) cha kampuni ya Philips, Albuquerque, Marekani. Moto wenyewe ulizimwa ndani ya dakika chache, ila moshi na maji viliharibu vyumba ambavyo havitakiwi kuwa na hata chembe ya vumbi. Nokia na Ericsson, wote watengeneza simu, walikuwa wanachukua chipu pale. Nokia hawakukubali kuambiwa "subirini wiki moja", walianza kufuatilia kila siku, wakatafuta viwanda vingine na kubadilisha baadhi ya dizaini ili chipu za kwingine zifae. Ericsson walisubiri, na kwa chipu zile muhimu hawakuwa na pengine pa kukimbilia, wakapoteza mauzo ya karibu dola milioni 400, na mwaka 2001 biashara yao ya simu wakaiunganisha na ya Sony. Moto ulikuwa mmoja na taarifa ilikuwa moja, tofauti ni nani aliinuka mapema na nani alikuwa na pa kwenda.

Toyota nao baada ya tetemeko la Japani la 2011 waliwataka masapulaya wao wawe na akiba ya chipu ya miezi kadhaa. Uhaba ulipokuja mwanzoni mwa 2021, wenzao walianza kusimamisha uzalishaji wakati wao bado wanaendelea. Ila Septemba mwaka huohuo na wao wakapunguza uzalishaji, kwa hiyo msidhani akiba inakuokoa moja kwa moja, inakupa muda wa kujipanga, na huo muda ndio wenye thamani.

HATUA YA 4: Andika gharama zinazokwenda hata usipouza kitu: kodi ya ofisi, mishahara, marejesho ya mkopo, intaneti. Kisha chora jedwali la wiki 13 zijazo, kila wiki nini kitaingia kwa uhakika na nini kitatoka. Kila Jumatatu lirekebishe. Wiki itakayoonyesha hasi utaiona miezi miwili kabla, na ukiwa na miezi miwili unaweza kuongea na watu vizuri, ukiwa na siku mbili unabaki kuombaomba.

HATUA YA 5, kwa mlioajiriwa: wewe una mteja mmoja tu, mwajiri wako. Kwa hiyo hatua ya 3 inakuhusu kuliko hata mimi. Andika kila mwezi kazi ulizomaliza na zilileta nini, tunza nakala ya vyeti vyako nje ya kompyuta ya ofisi.

Karibuni maswali.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu shukrani. Mauzo yameshuka, nafikiria kushusha bei kwa asilimia 10 nivute wateja, unashauri?

Jibu: Piga hesabu kwanza ndugu yangu. Kama unauza 100 na faida yako hapo ni 30, ukishusha bei kwa 10 faida inabaki 20. Ulikuwa unauza vitu 100, sasa lazima uuze 150 ili upate faida ileile. Una uwezo wa kuuza mara moja na nusu? Kama hapana, acha bei, ongeza huduma.

Mdau 2: Nina mkopo, naona kabisa mwezi wa tatu kutoka sasa sitaweza rejesho. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri hata wiki. Nenda ukiwa bado hujakosa rejesho hata moja, beba lile jedwali la wiki 13, omba waongeze muda au ulipe riba tu kwa kipindi. Na tafadhali sana, usichukue mkopo wa haraka wenye riba kali kulipia mkopo mwingine, nimeona watu wakiumia vibaya hapo.

Mdau 3: Akiba iwe kiasi gani?

Jibu: Lenga miezi mitatu ya zile gharama za hatua ya 4. Anza na mmoja, akaunti tofauti.

Mdau 4 (dada mwenye kampuni ya usafi): Kaka, mteja wangu mkubwa anachelewa kila mwezi, nikimdai naogopa atakasirika.

Jibu: Dada usisubiri mpaka umdai. Piga simu siku saba kabla tarehe haijafika, umpigie mhasibu wake sio bosi, mwambie "nathibitisha tu kama invoisi yangu imefika na haina kasoro". Invoisi yangu moja ililala miezi miwili kwa sababu haikuandikwa namba ya oda, mhasibu aliiweka pembeni na hakuna aliyeniambia. Siku niliyopiga simu niliirekebisha dakika tano, hela ikaingia Ijumaa.