Jinsi ya kuwahoji wachuuzi wa omena bila kupewa majibu ya semina

Tuseme unatafiti jinsi wanawake wanaouza omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, katika ufuo wa Dunga, Kisumu, wanavyopata mtaji uvuvi unapofunguliwa tena baada ya kufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Hojaji itakupa idadi. Ukitaka kujua pesa inatoka kwa nani na kwa masharti gani, itabidi mkae chini mzungumze.

Hatua ya 1: Vibali

Anza na kamati ya maadili, kisha NACOSTI, tume ya kitaifa inayotoa leseni za utafiti. Halafu piga ripoti kwa chifu na kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha jamii kinachosimamia ufuo. Ukiwaruka hao wa BMU, utadhaniwa umetumwa na kanjo, askari wa kaunti.

Hatua ya 2: Maswali

Maswali makuu sita au saba yanatosha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu watu huchukua swali la utafiti wakampelekea mama vilevile lilivyo: "Unakabiliwa na changamoto gani za kifedha?" Atakujibu kama alivyozoea kuwajibu watu wa miradi: mtaji ni mdogo, serikali itusaidie. Huwezi kumlaumu.

Mwulize kuhusu tukio moja. "Mama, mara ya mwisho ulipokosa pesa ya kununua omena, ulifanyaje?" Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

– Nilienda kwa mwenzangu wa chama.
– Halafu?
– Akanipa.

Hapo nyamaza. Usikimbilie swali linalofuata kwenye karatasi. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi ikibidi.

– Lakini si bure. Nampelekea gorogoro mbili kila wiki mpaka deni liishe.

Sasa una riba, kipimo (gorogoro ni mkebe wa kupimia) na muda, na hukutaja hata moja kati ya hayo. Fuata hapohapo: nani alipanga ziwe mbili? Samaki wakikosekana, inakuwaje?

Hatua ya 3: Saa na mahali

Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hivyo alfajiri mashua zikitia nanga hakuna mwenye nafasi nawe. Ngoja samaki waanikwe, mama akae akichunga ndege na mvua. Keti kando yake, msitazamane uso kwa uso kama kituo cha polisi. Angalia pia nani anasikiliza. Mbele ya mwenye mashua, habari ya deni hubadilika. Upepo wa ziwa nao huharibu sauti, hivyo jaribu kinasa sauti kabla ya kuanza.

Mwachie achague Dholuo au Kiswahili. Ukihitaji mkalimani, asiwe jamaa wa kiongozi wa ufuo.

Hatua ya 4: Ridhaa

Isome fomu kwa sauti, na ruhusa ya kurekodi uiombe peke yake. Mwambie anaweza kuruka swali au kukatiza mazungumzo. Kisha sema waziwazi kwamba hakuna mkopo wala mradi unaokuja baada ya hapa. Wengi hudhani unaandikisha majina.

Jaboya, yaani mvuvi kudai ngono ndipo auze samaki, huenda ikajitokeza. Usiulize kama yalimpata yeye. Akizungumzia "wanawake wengine", mwache aendelee na hao wengine. Kabla hujaenda ufuoni, jua mshauri nasaha utakayemwelekeza kwake akihitaji.

Hatua ya 5: Baada ya mahojiano

Jioni hiyohiyo andika yale ambayo kinasa sauti hakikuyaona: nani alipita, wapi alishusha sauti. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandika, na uandike kwa lugha iliyosemwa kabla ya kutafsiri. Mahojiano mapya yakianza kurudia ya zamani bila jipya, funga kazi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana, kwa hivyo tumia namba badala ya majina. Hata hivyo namba pekee haitoshi. Ukiandika "mjane mwenye mashua mbili", ufuo mzima utamjua kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Andika "mfanyabiashara mwenye chombo chake", na idadi ya mashua ibaki kwenye daftari lako.