Jinsi ya kufungua kesi ya jinai China dhidi ya wanaoghushi alama yako ya biashara

Kontena limezuiwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, ndani mna bidhaa zenye jina lako ambazo hukuzitengeneza wewe, na hati za meli zinaonyesha zilipakiwa Ningbo au Nansha, bandari za China. Kuziteketeza ni sawa, ila hasara hiyo inabebwa na mwagizaji. Kiwanda kilishalipwa zamani. Anayetaka kukifikia kiwanda ana njia ya jinai chini ya vifungu 213 hadi 220 vya Sheria ya Jinai ya China. Tangu marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2021, mghushi wa alama anaweza kufungwa hadi miaka 10. Mwongozo huu ni wa mwenye alama ya biashara. Hakimiliki na siri za biashara tutazigusa kwa kupita tu.

Jua mapema kwamba polisi wa China hawataanza kukutafutia mhalifu. Unatakiwa uwapelekee kesi yenye majibu ya maswali matatu: haki yako ni ipi, mzigo uko wapi, na thamani yake ni kiasi gani. Malalamiko yanayokataliwa kaunta hukosa mojawapo ya hayo.

Kwanza, je, hili ni kosa la jinai?

Toa cheti chako cha usajili. Kama ni cha BRELA ya Tanzania, KIPI ya Kenya au ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, kirudishe kwenye faili, kwa sababu mbele ya polisi wa China hakina kazi. Kinachotakiwa ni usajili wa China bara, uliotolewa na CNIPA, ofisi ya taifa ya miliki bunifu, na uwe hai (hudumu miaka 10, kisha huhuishwa). Hong Kong ina daftari lake, usilichanganye na hili. Ukiwa ulipitia mfumo wa Madrid, yaani ombi moja la kimataifa linalotaja nchi kadhaa, kama wanavyoweza wafanyabiashara wa Kenya na Rwanda, na ukaitaja China katika ombi lako, omba CNIPA ikupe hati ya kuthibitisha usajili huo. Cheti cha kimataifa kinachotoka Geneva, makao ya mfumo huo, peke yake kitakuchelewesha.

China anayewahi kusajili ndiye mwenye alama. Kwa hiyo kabla ya kutumia senti yoyote, tafuta jina lako kwenye daftari la CNIPA. Ukikuta kiwanda ulichowahi kukipa oda kimelisajili, usiende polisi: kwa sheria mwenye haki ni wao, na mzigo wako halali ndio utakaozuiwa. Ufutishe kwanza usajili huo, ama kwa hoja kwamba wakala au mshirika wako alikupora, jambo ambalo kwa kawaida lina ukomo wa miaka 5 tangu usajili, ama kwa hoja kwamba haujatumika miaka 3 mfululizo.

Kifungu cha 213 kinahusu alama ileile kwenye bidhaa ileile. Kubadilisha fonti, rangi, nafasi kati ya herufi, au kuandika kwa herufi kubwa badala ya ndogo hakumwokoi mghushi. Lakini akibadilisha herufi ya jina kiasi kwamba tofauti inaonekana, hata kama mteja wa Kariakoo atababaika, hiyo si jinai tena. Hapo nenda kwa mamlaka ya usimamizi wa soko au mahakama ya madai. Angalia pia orodha ya bidhaa kwenye cheti: nguo na viatu vyote vimo daraja la 25, ila kwenye vikundi vidogo tofauti. Cheti kinachotaja fulana na suruali hakikufikishi kwenye ndala.

Anayeiga uvumbuzi wako wenye hataza hatendi jinai China. Kosa la kifungu cha 216 ni kujidai kuwa na hataza ya mtu mwingine, basi. Kwa hakimiliki lazima ithibitike kwamba mtu alitafuta faida. Kwa siri za biashara kiwango cha kawaida ni hasara ya yuan 300,000, na itahitajika taarifa ya wataalamu wa uchunguzi.

Hesabu ya thamani

Hapa ndipo kesi nyingi huanguka, kwa hiyo kaa na kalamu. Viwango vinavyotumika ni vya tafsiri ya pamoja (maelekezo ya jinsi ya kuitumia sheria) ya Mahakama ya Juu ya Watu na Ofisi Kuu ya Mashtaka, iliyoanza tarehe 26 Aprili 2025. Mwongozo wowote unaotegemea tafsiri za 2004, 2007 au 2020 umepitwa na wakati.

Mtengenezaji anaingia jinai thamani ya mzigo ikifika yuan 50,000, au faida haramu ikifika 30,000. Akiwa ameghushi alama mbili au zaidi, viwango vinashuka hadi 30,000 na 20,000. Muuzaji anayejua anachokiuza anaingia akiwa amekwisha kuuza cha yuan 50,000 au amepata faida ya 30,000. Mzigo ambao bado haujauzwa, peke yake au ukijumlishwa na uliouzwa, lazima ufike 150,000. Mchapaji wa lebo anakamatika kwa lebo 10,000. Kwa mtengenezaji na muuzaji, kiasi kikifika mara 10 ya hapo, kifungo kinapanda kutoka kisichozidi miaka 3 hadi kati ya miaka 3 na 10.

Chukua mfano wa ghala lenye jozi 6,000 za ndala, zenye bei ya yuan 9 kwenye kibandiko. Kwenye simu ya mwenye ghala yanakutwa mauzo ya jozi 2,000 kwa yuan 8. Bei halisi ya kuuzia ikijulikana, ndiyo inayotumika hata kwa mzigo uliobaki, si ya kibandiko. Hesabu basi ni 16,000 zilizouzwa na 48,000 zilizobaki, jumla 64,000. Kama huyu ni mtengenezaji, amevuka mstari. Kama ni mchuuzi aliyenunua ili auze, hajavuka: mauzo hayajafika 50,000, na jumla haijafika 150,000. Bei ya bidhaa yako halisi sokoni hutumika tu pale ambapo hakuna rekodi ya mauzo wala kibandiko. Ndiyo maana hesabu ya mwenye alama, ambaye hupenda kuzidisha kila jozi kwa bei ya dukani kwake, hukataliwa.

Waghushi wanaijua hesabu hii. Huhifadhi bidhaa bila lebo na kuzibandika usiku wa kupakia. Bidhaa iliyokamilika lakini haijabandikwa huingia kwenye hesabu ikiwapo ushahidi wa kutosha kwamba ilikusudiwa alama yako: oda, lebo zilizokutwa jirani, au kalibu ya kuundia bidhaa yenye nembo. Mwambie mpelelezi wako atafute hivyo, asihesabu maboksi tu.

Ukipungukiwa, usiufute mpango. Peleka lalamiko kwa mamlaka ya soko, wamtoze faini. Akirudia ndani ya miaka 2, kiwango chake kinashuka hadi yuan 30,000 za mauzo au 20,000 za faida.

Ushahidi na karatasi

Manunuzi ya sampuli yafanyike mbele ya mthibitishaji wa hati wa China. Ofisa wake anafuatana na mnunuzi hadi dukani au anashuhudia oda mtandaoni, anapiga picha, anachukua risiti na kadi ya muuzaji, kisha anafunga boksi kwa karatasi zenye mhuri. Boksi hilo halifunguliwi hadi mbele ya polisi au mahakama. Kwa hiyo nunua sampuli mbili, moja ibaki imefungwa na nyingine uichunguze. Anayechana karatasi ya mhuri kwa kutaka kuhakikisha ameharibu ushahidi wake mwenyewe.

Kwenye jalada weka:

1. Cheti cha usajili wa alama na uhuishaji wake.
2. Hati ya usajili wa kampuni na hati ya kumpa wakili wa China mamlaka ya kukuwakilisha.
3. Taarifa yako ya utambuzi wa bidhaa bandia.
4. Hati ya mthibitishaji na sampuli iliyofungwa.
5. Maelezo ya eneo: anwani, mchoro, saa za kazi, magari yanayoingia na kutoka.
6. Hesabu ya thamani, na chanzo cha kila namba.

Hati za kampuni kutoka nje ya China lazima zithibitishwe nchini kwako. Mkataba wa apostile, muhuri mmoja unaotambuliwa na nchi wanachama, ulianza kutumika kwa China tarehe 7 Novemba 2023, hivyo nchi mwanachama kama Oman au Burundi humaliza kwa apostile. Nchi isiyo mwanachama hupitia mthibitishaji, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa China. Tafsiri ya Kichina ni lazima, na jina la kampuni liwe lilelile, herufi kwa herufi, kwenye kila karatasi. Neno "Limited" likiwa refu kwenye cheti na fupi kwenye hati ya uwakili, utarudishwa.

Taarifa ya utambuzi isiseme tu "hii ni feki". Itaje kwamba hukutengeneza wala hukutoa kibali, kisha ionyeshe tofauti moja baada ya nyingine: mshono, wino, namba ya bechi, uzito. Usimwage alama zote za siri za kiwanda chako, kwa kuwa wakili wa mshtakiwa ataisoma pia.

Kuhusu wapelelezi binafsi, kuwa mwangalifu. Kununua rekodi za simu au akaunti za benki za watu ni kosa chini ya kifungu cha 253-1, na mkosaji utakuwa wewe.

Kupeleka lalamiko

Unaweza kufungua mahali bidhaa zilipotengenezwa, zilipohifadhiwa, zilipopita au zilipouzwa. Tangu 2019, katika ngazi ya wizara, kesi hizi zipo chini ya idara ya uhalifu wa chakula na dawa. Kwenye wilaya utaelekezwa huko au kwa kikosi cha uhalifu wa kiuchumi. Penye mji mdogo ambapo kiwanda ndicho mwajiri mkubwa, ni busara kufungua lalamiko mahali pa kuuzia au kuhifadhia.

Usiondoke bila hati ya kupokelewa kwa lalamiko. Polisi wana siku 7 za kuamua kama watafungua kesi, na kwa kesi nzito zinaweza kufika 30 au zaidi kwa idhini. Wakikataa, dai barua ya kukataa. Ukiipata una siku 7 za kuomba uamuzi upitiwe upya, na unaweza pia kwenda ofisi ya mashtaka iwatake polisi waeleze sababu. Bila barua hiyo huna cha kupinga.

Mlango mwingine ni forodha, kwa kuwa ya China hukagua pia mizigo inayotoka. Sajili alama yako kwao mtandaoni. Ni bure na hudumu miaka 10. Wakikujulisha kuhusu mzigo wenye shaka, una siku 3 za kazi kujibu na kuweka dhamana: thamani yote kama ni chini ya yuan 20,000, nusu yake, isiyopungua 20,000, hadi thamani ya 200,000, na 100,000 kwa zaidi ya hapo. Mzigo ukivuka kiwango cha jinai, forodha huupeleka polisi, ukiwa tayari umehesabiwa.

Baada ya kesi kufunguliwa

Siku ya msako mtu wako awepo karibu ili atambue bidhaa papo hapo. Mtuhumiwa anaweza kushikiliwa hadi siku 37 kabla ya kukamatwa rasmi kuidhinishwa, na katika siku hizo mawakili wake watakupigia wakitaka "barua ya msamaha". Barua hiyo hupunguza adhabu, basi usiitoe kabla fedha hazijaingia benki na kabla hajataja nani alimpa oda na nani alimchapishia lebo.

Faini inayotozwa ni ya serikali. Fidia yako, kama hamjapatana, hudaiwa kwa kesi ya madai, kwa hiyo omba nakala ya hukumu yenye mhuri: idadi na bei zilizothibitishwa humo ndizo utakazoziwasilisha.