Jinsi ya kupima madai ya kuinyima saratani sukari

Mgonjwa anayeanza matibabu ya saratani Nairobi huletewa na jamaa na majirani, wote kwa nia njema, ushauri wa kuacha sukari ili saratani ife njaa. Kabla ya kuukubali au kuukataa, tenganisha kwanza lililo kweli na lililoongezwa.

Kweli yenyewe ina umri wa karne moja. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani humeza glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi na kuigeuza kuwa laktati, mabaki ya glukosi isiyounguzwa kikamilifu, hata pale ambapo oksijeni inatosha. Njia hiyo hutoa molekuli 2 tu za ATP, kibeba nishati cha seli, kwa kila molekuli ya glukosi, ilhali kuiunguza kikamilifu ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hutoa takriban 30. Unaweza kudhani ni ufujaji, lakini seli inayogawanyika kwa kasi huhitaji pia malighafi ya kujengea utando na DNA, na sehemu ya malighafi hiyo hutokana na glukosi. Warburg aliamini kwamba mitokondria zimeharibika; baadaye ilibainika kwamba katika saratani nyingi bado zinafanya kazi, na ndiyo sababu seli iliyofungiwa njia moja huweza kugeukia glutamini, mojawapo ya vijenzi vya protini, au mafuta.

Kisha uliza: ushauri huu unaibana seli ya saratani, au unambana mgonjwa? Ukiacha ugali na chapati, ambavyo mwilini hugeuka glukosi, ini litatengeneza glukosi kutokana na protini, zikiwamo za misuli yako mwenyewe. Mgonjwa wa saratani ya umio (mrija wa chakula), ambaye huenda uji ndio chakula pekee kinachopita, akikatazwa uji hudhoofika kabla uvimbe haujaguswa. Kupunguza soda ni jambo jema kwa yeyote, ila si tiba ya saratani.

Ukitajiwa dawa, uliza inalenga kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali za seli) au kirutubisho gani, na katika saratani ipi. Asparajinasi, inayotumika kutibu lukemia kali ya limfu (saratani ya damu), huondoa asparajini, kijenzi kingine cha protini, katika damu, na seli nyingi za lukemia hiyo haziwezi kujitengenezea ya kutosha. Ivosidenib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hutolewa tu baada ya kipimo kuthibitisha mabadiliko ya jeni ya IDH1, inayotengeneza kimeng'enya ambacho dawa hiyo hulenga. Metformini, dawa ya kisukari, nayo ilitiliwa matumaini makubwa, lakini jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022 kuhusu wanawake wenye saratani ya matiti wasio na kisukari halikuonyesha faida. Kwa hiyo usiinunue kwenye duka la dawa kwa ajili ya saratani bila daktari wako kujua.

Mahali ambapo uroho huo wa glukosi unatumika kila siku ni kwenye kipimo cha PET, picha inayoonyesha mahali mwilini glukosi inapomezwa zaidi, kinachopatikana Nairobi katika Hospitali ya Aga Khan. Utadungwa glukosi yenye fluorini-18, kiini cha mionzi ambacho nusu yake huisha katika dakika 110, hivyo kuchelewa kufika ni hasara. Kwa kawaida utaambiwa ufunge kwa takriban saa 6, unywe maji matupu, na uepuke mazoezi siku iliyotangulia ili misuli isiinyakue sukari hiyo. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu insulini. Picha ikitoka, usihesabu kila doa linalong'aa kuwa saratani: ubongo na kibofu hung'aa, na kifua kikuu pia, kwa hiyo daktari akitaka kipande kidogo cha sehemu hiyo ya mwili kipelekwe maabara kwanza, mruhusu.