Kabla ya kumchagulia mtoto kitabu, hesabu vidole

Umri unaoandikwa nyuma ya jalada haukwambii mengi. Fungua ukurasa wa katikati, mwambie mtoto asome kwa sauti, na kila neno asilolijua au analokwama akunje kidole kimoja. Akifika mwisho wa ukurasa na vidole viwili vitatu, mpe kitabu chake. Vinne, someni pamoja. Vitano, kirudishe kwenye rafu, mtakutana nacho mwakani. Nasema katikati kwa sababu kurasa za mwanzo mara nyingi huwa nyepesi, ugumu unajitokeza mbele. Mtoto anayesimama kila mstari hupoteza mkondo wa hadithi, na akishapoteza hadithi ndiyo basi, atakwambia kitabu kibaya. Kipimo hiki hakifai kwa vitabu vya picha vyenye maneno machache, wala mashairi. Tena hakipimi hamu: mpenda mpira atakunja vidole vyote vya mkono na bado akamaliza kitabu cha mpira, mwache. Kwa watu wazima ndiyo kabisa hakifai. Msomaji wa bara akishika “Peponi”, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, iliyotoka 2022, ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah “Paradise”, anaweza kukwama kwenye maneno ya pwani na asikiweke chini. Mkubwa muulize tu: kitabu gani cha mwisho ulikimaliza bila kulazimishwa na mtihani? Mpendekezee kinachokaribiana nacho.